Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha: tupeni kodi ya mapato ambayo mlipaji anaweza kuihesabu mwenyewe

Lubumbashi, Novemba 2025

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Kinshasa

Nakala kwa:
Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga
Waheshimiwa wabunge na maseneta waliochaguliwa Haut-Katanga

Yahusu: kurahisisha kodi ya mapato kabla sheria mpya ya IRPP (kodi ya mapato ya watu binafsi) haijaanza kutumika

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima inayostahili cheo chako, ninakuandikia mbele ya watu wote, kwa sababu maombi tuliyoyapeleka kimya kimya katika ofisi zinazohusika hayakupata jibu. Mimi ni mtunza hesabu. Wateja wangu ni wafanyabiashara na waajiri wadogo wa komini (mitaa ya utawala) za Kenya, Kamalondo na Katuba hapa Lubumbashi: wenye maduka ya vyakula, washonaji, mafundi wa kuchomelea vyuma, wenye mashine za kusaga mahindi, na makampuni machache ya ulinzi na usafi. Kila mwezi kabla ya tarehe 15 mimi ndiye ninayewajazia tamko la kodi ya mishahara, mimi ndiye ninayesimama nao kwenye dirisha la banki, na karatasi ya faini ikiletwa, mimi ndiye ninayeulizwa imetoka wapi.

Ninaomba ieleweke tangu mwanzo kwamba barua hii haikuandikwa na mtu anayekimbia kodi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema kulipa kodi ni wajibu wa kila Mkongomani, na kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Vifungu hivyo viwili ninawasomea wateja wangu mara kwa mara, kwani vinakwenda pamoja: raia ana wajibu wa kulipa, na Leta, yaani serikali, ina wajibu wa kutotoza nje ya sheria. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini anayelipa sharti ajue deni lake ni kiasi gani. Hapo ndipo tulipokwama. Mlipaji wa kawaida wa Lubumbashi, hata akiwa na nia njema na fedha mkononi, hawezi kukaa mezani kwake na kalamu akahesabu mwenyewe anachodaiwa. Anategemea kuambiwa, na anayemwambia mara nyingi ndiye huyo huyo anayekuja kupokea.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mshahara wa chini kabisa unatozwa kuanzia faranka ya kwanza.

Ngazi za kodi ya mishahara, yaani IPR, zinajulikana na kila mtunza hesabu wa nchi hii. Hadi faranka 162,000 kwa mwezi mfanyakazi hutozwa 3%. Kutoka hapo hadi 1,800,000 hutozwa 15%. Hadi 3,600,000 hutozwa 30%. Na zaidi ya hapo 40%, ilimradi jumla isizidi 30% ya mapato yanayotozwa. Hakuna sehemu ya mshahara iliyoachwa huru kwa ajili ya chakula na pango la nyumba.

Nichukue mlinzi wa usiku anayelipwa mshahara wa chini wa kisheria, ambao tangu Mei 2025 ni faranka 14,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi anapata 377,000. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inakata 5%, yaani 18,850, na zinabaki 358,150. Juu ya hizo, 162,000 za kwanza zinatozwa 3%, ambayo ni 4,860, na 196,150 zilizobaki zinatozwa 15%, ambayo ni 29,422. Jumla ni 34,282. Ana mke na watoto wanne, kwa hiyo anapunguziwa 2% kwa kila mmoja, jumla 10% ya kodi hiyo, na mwishoni analipa 30,854. Mtu huyu analala nje ya lango la nyumba ya watu, anarudi Katuba kwa miguu asubuhi, na zaidi ya nusu ya mshahara wake imewekwa katika ngazi ile ile ya 15% anamokaa mtu anayelipwa faranka milioni moja na nusu.

Serikali imepandisha mshahara wa chini, na kuanzia Januari utakuwa 21,500 kwa siku. Tunaishukuru kwa hilo. Lakini mpaka wa 162,000 usiposogezwa, kila faranka inayoongezwa itaangukia katika ngazi ya 15%, na serikali itakuwa inatoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2018, dola moja ilipokuwa karibu na faranka 1,600, hizo 162,000 zilikuwa sawa na dola mia moja. Mwaka 2024, dola ilipopita faranka 2,700, zilikuwa zimebaki chini ya dola sitini. Hakuna bunge lililokaa likaamua kuwatoza maskini zaidi. Faranka ilishuka, ngazi zikabaki pale pale, na kodi ikapanda bila mtu yeyote kuipigia kura.

Sisi wa Lubumbashi tunaishi karibu na mpaka, na tunaona wenzetu wanavyofanya. Ukivuka Kasumbalesa ukaingia Zambia, mfanyakazi wa kule halipi kodi ya mapato juu ya kwacha 5,100 za kwanza za kila mwezi. Tanzania imeacha huru shilingi 270,000 za kwanza. Rwanda imeacha huru faranka zake 60,000. Nchi hizo nazo zina barabara za kujenga na walimu wa kulipa.

2. Mapato ya mtu mmoja yamekatwa vipande, na kila kipande kina sheria yake na mlango wake.

Msingi wa kodi zetu za mapato ni amri ya sheria namba 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969. Iligawanya mapato katika mafungu: mapato ya pango la nyumba, mapato ya mitaji, na mapato ya kazi. Tangu wakati huo imerekebishwa na sheria za bajeti moja baada ya nyingine, hata anayetaka kujua kifungu fulani kinasema nini leo hulazimika kukifuatilia mwaka kwa mwaka. Mimi ambaye hii ni kazi yangu hupata shida. Fundi wa kuchomelea milango atawezaje?

Chukua mwalimu wa Kampemba mwenye mshahara, mwenye duka dogo mbele ya nyumba linaloendeshwa na mke wake, na mwenye vyumba viwili vya kupangisha uani. Mshahara wake unakatwa IPR. Duka linalipa kodi ya biashara ndogo. Vyumba vinaingia katika kodi ya pango, ambayo kwa kifungu cha 204 cha Katiba ni mali ya jimbo, na ambayo kiwango chake kinachojulikana ni 22% ya pango lote, bila kuondoa gharama ya kurekebisha paa au kuchimbua choo. Mpangaji anatakiwa ashike sehemu kubwa ya kodi hiyo na kuipeleka mwenyewe, mwenye nyumba amalizie kilichobaki. Katika Lubumbashi, ambako mpangaji na mwenye nyumba wanachota maji kwenye bomba moja, nani atathubutu kumkata mwenye nyumba wake? Basi kodi hiyo hailipwi hadi siku maofisa wanapopita, na siku hiyo inalipwa kwa maelewano.

Hakuna ofisi hata moja inayomwona mwalimu huyu kama mtu mmoja. Kila mmoja anaona kipande chake, anakadiria kipande chake, na anaamini kwamba vipande vingine haviko. Tajiri mwenye nyumba ishirini na hisa katika kampuni ananufaika na mpangilio huu, kwa sababu naye hakuna anayejumlisha alicho nacho. Anayeumia ni yule mwenye vipande vitatu vidogo ambavyo vyote vinaonekana barabarani.

Tunajua kwamba mwishoni mwa 2023 Bunge lilipitisha sheria za kuondoka katika mfumo huo, moja ya kodi ya makampuni na nyingine ya mapato ya watu binafsi, IRPP, na kwamba zinatarajiwa kuanza Januari 2026. Tuliipokea habari hiyo kwa furaha ya kweli. Kukusanya mapato ya mtu mahali pamoja ni jambo tulilolingoja kwa miaka mingi. Hofu yetu imo katika malalamiko yanayofuata, na ndiyo iliyonifanya niandike sasa, badala ya kungoja Januari ifike na kupita.

3. Sheria haikufika kwa lugha ya wanaoilipa.

Mheshimiwa Waziri, kuhusu hili ninaomba uvumilivu wako, kwa maana ninaliona kuwa zito kuliko yote.

Kifungu cha 142 cha Katiba hakina utata. Kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku sitini tangu sheria itiwe sahihi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Siku sitini za sheria za 2023 zilimalizika mapema mwaka 2024. Katika komini ninazofanyia kazi, sijaiona nakala ya Kiswahili ya sheria ya IRPP, wala kwenye ubao wa matangazo, wala sokoni, wala mikononi mwa ofisa yeyote niliyemwuliza.

Mteja wangu mmoja ni mama anayeuza vitenge. Hesabu zake anaziandika katika kaye (daftari) ya shule yenye mistari, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri ulionyooka. Kila ukurasa ameugawa kwa rula katika sehemu nne: zilizoingia, zilizotoka, madeni ya wateja, na madeni yake kwa wanaomletea mzigo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila mwezi anapiga jumla mara mbili, mara ya pili kwa wino mwekundu. Ninazijua kampuni zenye kompyuta ambazo hesabu zake si safi kama kaye ile. Mama huyu anaweza kukuambia alichopata Julai bila kufungua ukurasa. Lakini karatasi za kodi anazoletewa zote ni za Kifaransa, na kwa sheria yeye ndiye mwenye tamko: anatia sahihi akithibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Anatia sahihi juu ya maneno asiyoyaelewa. Likitokea kosa, adhabu ni yake. Sentensi iliyoleta kosa hajawahi kuisoma.

Mfumo wetu unasimama juu ya tamko la mlipaji mwenyewe. Leta inamwambia raia: jihesabie, utuletee, nasi tutakagua. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kusimama kama anayejihesabia hawezi kusoma kanuni ya kuhesabia. Hapo hutokea mtu wa katikati, anayejua lugha na anayejua maofisa, na bei ya huduma yake mara nyingine inakaribia kodi yenyewe. Ninajua ninachosema, maana watu wa kazi yangu ndio wanaopata riziki katika pengo hilo. Ningefurahi kuona likizibwa, hata kama nitapoteza baadhi ya wateja.

4. Wadogo wanatozwa juu ya mauzo, hata wasipopata faida.

Sheria ya 2013 ya biashara ndogo ilikuwa na nia njema, na sehemu yake moja ningependa ibaki: anayeuza chini ya faranka milioni 10 kwa mwaka hulipa 50,000 kwa mwaka mzima, hadithi imekwisha. Kila mtu anaielewa. Lakini milioni 10 kwa mwaka, ukigawanya kwa siku 300 za kazi, ni kama 33,000 kwa siku. Leo muuza sabuni, sukari na mishumaa wa kona yoyote ya Kenya anapita hapo bila kuwa tajiri. Akishapita, anatozwa 1% ya mauzo yote kama anauza bidhaa, au 2% kama anatoa huduma, hadi milioni 80. Maana yake ni kwamba mwenye kuuza kidogo tu zaidi ya milioni 10 anaruka kutoka 50,000 hadi 100,000 kwa siku moja. Nimeona wafanyabiashara wanaoacha kuandika mauzo mwezi wa kumi na moja, ili mwaka usivuke mpaka. Wamefundishwa na sheria yenyewe kutunza hesabu vibaya.

Kisha kuna suala la faida. Mwenye duka la jumla la unga na sukari aliyeuza milioni 60 kwa mwaka, na kubakiwa na faranka nne katika kila mia, ana milioni 2 na laki 4 kabla ya kulipa pango, taa na kijana wa kubeba mizigo. Kodi yake ni 600,000, robo ya hizo. Jirani yake anayeuza dawa za nywele na kubakiwa na faranka arobaini katika kila mia, akiuza kiasi kile kile, analipa 600,000 zile zile. Na wa kwanza akipata hasara, mzigo ukalowa mvua au ukakwama mpakani, bado atalipa 1%.

5. Dola na faranka. Pango, karo za shule na mizigo ya jumla vinahesabiwa kwa dola. Kodi inatamkwa kwa faranka. Makampuni mengi yanaandika mshahara kwa dola pia. Ni kiwango gani cha kubadilisha fedha kitumike, cha siku ya kulipa mshahara, cha mwisho wa mwezi, au cha siku ya kutamka? Katika mwaka huu ambapo faranka ilidhoofika na kisha ikaimarika ghafla, tofauti kati ya viwango hivyo si ndogo. Nimepewa majibu tofauti na maofisa wawili wa ofisi moja, na wote wawili walikuwa na adabu na walionekana kuamini wanachosema.

6. Ukaguzi hauna mpangilio. Maofisa wa taifa wanakuja, wa jimbo wanakuja, wa komini wanakuja, kila mmoja na orodha yake, na wengine hawana hati ya kuwatuma. Kodi yenyewe inalipwa banki, kama inavyotakiwa, na risiti ya banki ipo; hata hivyo mwenye duka hutakiwa kuthibitisha upya kwa kila anayeingia kwamba amelipa, na akiwa hana risiti mkononi saa ile ile, hutishiwa kufungiwa. Pale ambapo anayetoza faini ananufaika na faini hiyo, mlipaji hawezi kuamini kwamba anahukumiwa kwa haki. Sitaji ofisi wala mtu, kwa sababu kosa hili limo katika mpangilio, na kumfukuza ofisa mmoja hakutaliondoa.

Mheshimiwa Waziri, ninajua majibu ambayo barua kama hii hupewa, na ningependa kuyatangulia.

Tutaambiwa kwamba nchi iko vitani mashariki na hazina inahitaji kila faranka. Hatulisahau hilo hata siku moja. Wengi wetu tuna ndugu Goma, Bukavu na Uvira, na tunawapokea hapa wanapokimbia. Lakini 30,854 za mlinzi wa usiku hazitajenga jeshi. Mapato makubwa ya Leta yanatoka kwa makampuni makubwa, ya madini hasa, na sisi wa Katanga tunaona malori yanavyopita. Kuwaachia huru wanaopata mshahara wa chini kutapunguza kazi ya kukusanya kuliko kutakavyopunguza fedha. Na anayeachiwa IPR haachi kuchangia: anaponunua bidhaa dukani anabeba TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%.

Tutaambiwa pia kwamba Wakongomani wengi hawalipi kabisa, na kwamba kodi ikirahisishwa watazidi kutoroka. Ninayoyaona mimi ni kinyume. Wanaotoroka wamegawanyika sehemu mbili: wakubwa wenye wanasheria, ambao ugumu wa sheria unawasaidia, na wadogo wanaoogopa kwamba siku watakapojiandikisha hawatajua mwisho wa madai. Mfanyabiashara mdogo akijua kwamba mwaka mzima ni kiasi fulani, kinalipwa mahali fulani, na kwamba baada ya hapo hakuna atakayemgonga, anaandika jina lake. Ile kodi ya 50,000 ni ushahidi. Wanailipa, na wengine wanaining'iniza risiti ukutani.

Wengine watasema kwamba mitambo ya elektroniki inakuja na itamaliza matatizo haya. Mitambo ni mizuri, na tutaitumia. Lakini kanuni ngumu ikiwekwa ndani ya simu inabaki kanuni ngumu, na umeme wa Katuba unajulikana. Kwanza kanuni irahisishwe, ndipo mtambo uifuate.

Na kuhusu tafsiri, tutaambiwa haina bajeti. Katiba haikusema serikali isambaze sheria ikipata bajeti. Isitoshe, chuo kikuu kipo hapa Lubumbashi, kina walimu wa lugha na wa sheria wanaoweza kuifanya kazi hii, na redio za jiji zinatangaza kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa mpangilio wa uharaka.

Kwanza, sheria ya IRPP na kanuni zake za utekelezaji zitolewe kwa Kiswahili na lugha nyingine tatu za taifa kabla ya mlipaji yeyote kutozwa faini chini ya sheria hiyo, na fomu za tamko ziwe na lugha mbili, Kifaransa na lugha ya mahali. Ikiwa Januari itafika kabla ya tafsiri, basi mwaka wa kwanza uwe wa kufundisha: makosa ya tamko yasahihishwe bila adhabu, isipokuwa pale udanganyifu umethibitishwa.

Pili, katika sheria ya bajeti inayofuata, mapato yanayolingana na mshahara wa chini wa kisheria yaachwe huru kabisa, na mipaka ya ngazi zote ifungwe na mshahara huo, ili ukipandishwa nazo zisogee bila kungoja mjadala mpya. Hii ni sentensi moja ya sheria. Tunaiomba kwa nguvu zaidi kuliko zote zinazohusu viwango, kwa sababu inawagusa watu wasio na mtunza hesabu wala chama cha kuwasemea.

Tatu, mpaka wa milioni 10 wa biashara ndogo kabisa uongezwe ulingane na bei za leo, na anayeupita apandishwe hatua kwa hatua badala ya kurushwa. Anayetunza kaye ya hesabu, hata kwa Kiswahili na kwa kalamu, apewe haki ya kuchagua kutozwa juu ya faida.

Nne, IPR, CNSS, na michango ya INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira) vitamkwe kwa karatasi moja, vilipwe kwa malipo moja, na kukaguliwa kwa ukaguzi mmoja. Wazo la tamko la pamoja si jipya na tunajua hatua zimechukuliwa; tunaomba zifike hadi kwa mwajiri wa wafanyakazi watano, kwani bado zimeishia kwa wakubwa.

Tano, kiwango kimoja cha kubadilisha dola kuwa faranka kwa ajili ya kodi kitangazwe mwanzoni mwa kila mwezi na kibandikwe katika kila komini.

Sita, kwa Mheshimiwa Gavana: maofisa wa jimbo na wa komini wasiingie dukani bila hati ya kazi yenye jina, tarehe na kodi inayokaguliwa, na kodi ya pango ihesabiwe baada ya kuondoa gharama za kutunza nyumba. Tungependa pia kuona mara moja kwa mwaka, kwa maandishi, ni kiasi gani kimekusanywa katika jiji hili na kimefanya nini. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo na inakatwa pale pale inapokusanywa. Mlipaji wa Kamalondo anayeruka mashimo ya barabara yake kila asubuhi ana haki ya kujua sehemu hiyo inafika kiasi gani.

Hatuombi haya yote yafanyike kwa siku moja. Ombi la kwanza na la tano yanaweza kutimizwa kwa uamuzi wa wizara yako peke yake, bila kupitia Bunge, na tunaomba jibu juu ya hayo mawili kabla ya tarehe 1 Januari 2026. Ombi la pili na la tatu yanahitaji wabunge, na ndiyo sababu nimewapelekea nakala: tutawauliza watakaporudi Lubumbashi. Tuko tayari kuja kueleza kwa mdomo, na kuleta karatasi za mishahara na kaye za hesabu, majina yakiwa yamefunikwa, ili wataalamu wako wazihesabu wenyewe.

Pokea, Mheshimiwa Waziri, heshima zangu za dhati.

Mtunza hesabu wa wafanyabiashara wadogo,
Komini ya Kenya, Lubumbashi